Maili Arobaini

Landrova ya baba ni rika la kaka yangu mkubwa,
na mshale wake wa spidi umelala kwenye sifuri
tangu msimu wa kwanza wa stakabadhi ghalani.
Baba hakujali. "Mwendo," husema, "unasikika."
Gia ya tatu ikianza kuimba puani, ni thelathini.
Kioo cha pembeni kikitetemeka hadi sura yako iwe mbili,
arobaini kamili, usiongeze.
Ndivyo nilivyojifunza kuendesha, kwa masikio,
hadi Jumanne, trafiki wa Chigugu aliponiuliza
nilikuwa natembea ngapi.
"Kioo kilikuwa hakijatetemeka, afande."
Akaniandikia kilomita sitini.

Fundi Ausi wa Mkuti hashiki spana kabla ya kuuliza.
Mshale ulikufa ghafla, au ulirukaruka kwanza?
Namba za maili nazo zilisimama siku hiyohiyo?
Kulikuwa na mlio, kama panya ndani ya debe?
Baba, juu ya tairi bovu, anamenya ming'oko,
anajibu yote matatu: "Sikumbuki."
Kisha, chumvi ikiwa ulimini:
"Panya alikuwepo."

Skrubu mbili. Fundi akaivuta mita mbele
kama anayefungua kinywa cha mbuzi aone umri.
Vumbi lililomwagika lilikuwa la barabara
ambayo siku hizi ina lami.
Akaufungua waya mgongoni mwa mita,
akachonga kijiti, ncha mraba,
akakichomeka palepale na kukizungusha kwa vidole viwili,
na mshale, bila injini, bila safari,
ukainuka hadi tano, ukarudi kulala.
"Mzima huyu," akasema. "Alikosa habari tu."

Habari zilikatikia njiani.
Alipouvuta waya kutoka bombani mwake, ukaja nusu.
Nusu ya pili ilichomolewa upande wa giaboksi,
nyuzi zimefumuka kama kamba ya kisima,
nyekundu kwa kutu,
hata harufu ya grisi haina.

Duka lenye waya huo, Masasi nzima, hakuna.
Lakini kuna pikapu iliyofia nyuma ya ghala la chama,
kuku wanatagia kwenye kiti chake,
na waya wake ulizidi shubiri moja.
Fundi akaukata kwa tindo,
akaponda ncha iwe mraba, akaijaribu, ikagoma,
akaongeza pigo moja dogo la kubembeleza.
Ikaingia.
Grisi akapaka chini tu na katikati:
"Ikipanda hadi kwenye mita, mshale utalewa."
Na akaupitisha mbali na ekzosi, kwa mzunguko mpana,
maana waya huu, alisema, haupendi kona.

Tukashika njia ya Ndanda.
Baba kushoto kwangu, macho amefumba kwa makusudi.
Gia ya tatu ikaimba. "Thelathini," akatangaza.
Nikachungulia: ishirini na moja.
Kioo kikatetemeka, nikawa wawili. "Arobaini!"
Ishirini na nane.
Sikusema. Ila barabara ilikuwa imenyooka mno,
na ukimya wangu akausikia, kama anavyosikia gia.
Akafumbua jicho moja.

Nyuma, kati ya magunia, Fundi akakohoa:
"Tairi hizi si za gari hili. Kubwa.
Mita itakuwa inapunja."
"Inapunja ngapi?" baba akadakia.
"Maili tatu." Akamtazama mzee kisogoni.
"Haya, nne."

Thelathini na mbili, basi. Baba akalifumba jicho lake
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu
na akaamua kutogombana.
Mimi nilikuwa nageuza maili kuwa kilomita kichwani:
kioo hutetemeka kwenye hamsini na moja.
Na Jumanne hakikutetemeka.
Ile sitini ya afande, aliitoa wapi?

Dirishani, chini ya mshale,
saba iliyokwama nusu miaka yote hiyo,
kichwa ndani, miguu nje,
ikamaliza kupanda.